Mwamba Ngoma na Ngozi Yake

Wahenga walisema kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii husikika sana barazani, watu wawili wanaposhtakiana na kila mmoja akaeleza kisa kwa namna impendezayo. Mzee mwenye busara hamkatizi msemaji, wala hamwamini kwa yote. Husikiliza lililosemwa na lililorukwa. Swali letu ni hili: je, ni haki mwandishi wa hadithi za vijana kuwapa wasomaji wake msimulizi ambaye neno lake peke yake halitoshi kuaminiwa? Wako wanaosema kwamba huko ni kuwapotosha watoto, kwa kuwa kijana anahitaji kweli iliyo wazi. Hoja hiyo ina uzito, na yafaa ijibiwe kwa mifano.

Mfano wa kwanza u nyumbani. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952, Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anaona usiku jambo la kutisha: Adili, liwali anayesifiwa kwa wema wake, anawapiga manyani wawili. Macho ya Ikibali hayakumdanganya. Lakini aliliona tendo bila kuijua sababu yake, na msomaji ambaye angekomea hapo angemhukumu Adili kuwa ni katili. Baadaye twajua kwamba manyani wale ni ndugu zake waliomsaliti, na kwamba kipigo kile ni amri aliyopewa, naye huitimiza kwa uchungu. Hata hivyo mwandishi hakutuvizia. Ndugu hao aliwaita Hasidi na Mwivu, na mwenye kisa akamwita Adili. Jina limelitangulia tendo kama wingu liitanguliavyo mvua. Hilo ndilo dokezo: jambo dogo la mwanzo ambalo maana yake hukamilika mwisho.

Mark Twain wa Marekani alikwenda mbali zaidi katika riwaya yake ya Huckleberry Finn, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1884 na Marekani mwaka 1885. Msimulizi ni Huck mwenyewe, mvulana aliyemtoroka baba mlevi, ambaye anasafiri kwa chelezo katika mto Mississippi pamoja na Jim, mtumwa anayeutafuta uhuru. Njiani Huck huwadanganya watu wengi, na msomaji hudhani kwamba hapo ndipo penye hatari. Sivyo. Huck hutupotosha hasa pale anapotoa kweli yote ya moyo wake. Jamii yake imemfundisha kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni wizi na dhambi. Anaandika barua ya kumfichua Jim kwa bibi anayemmiliki, kisha anaichana, huku akiamini kabisa kwamba amejitia motoni. Twain haingilii kati kutuambia kwamba kijana huyu ametenda wema. Hukumu hiyo ametuachia sisi.

Katika kitabu hicho hicho limo dokezo la kukumbukwa. Huck na Jim wanaingia katika nyumba inayoelea juu ya mafuriko, na ndani yake yumo mtu aliyekufa. Jim anamfunika na kumkataza Huck asimtazame usoni. Kurasa nyingi zinapita, na mwishoni Jim anafunua kwamba yule alikuwa ni baba yake Huck. Je, alificha kwa huruma, au kwa kuhofia kwamba Huck, akijua hana tena wa kumkimbia, angerudi nyumbani na kumwacha peke yake? Kitabu hakijibu. Huck naye, anayesimulia baada ya mambo kwisha, alilijua jambo hilo tangu aliposhika kalamu. Ametuonjesha ujinga aliokuwa nao siku ile.

Hapa ndipo ilipo mizani ya haki. Kuficha si lazima kuwe ni kudanganya. Mwandishi anayeficha na kuacha dalili njiani humheshimu msomaji, kwani akirudia kusoma huikuta ile nguo iliyofunika uso ikimngoja pale pale. Anayeficha bila dalili, kisha akaleta mwisho wa kushtua, amempokonya msomaji haki yake ya kupima.

Na haki hiyo si ya darasani tu. Kijana wa leo ndiye mzazi, hakimu na mwenyekiti wa kijiji wa kesho. Atakutana na mashahidi waongo. Lakini atakutana na wengi zaidi wanaosema kwa unyofu mambo waliyofundishwa vibaya. Jamii nzima yaweza kuwa msimulizi asiyeaminika, kama ile iliyomfanya Huck auone wema wake kuwa ni dhambi.

Kwa hiyo mwalimu asiwatangulie wanafunzi kwa kuwaeleza mwisho wa kisa, wala asitosheke kuuliza, “Nani mwema?” Aulize pia: nani anasema, aliona nini, na amejuaje? Asikasirike maswali hayo yakimgeukia yeye mwenyewe, maana naye ni mwamba ngoma. Kupima si kudharau. Anayemsoma Huck kwa makini huacha kuiamini hukumu anayojipa, lakini humpenda zaidi kuliko alivyoanza.