Hija ya Kiangazi: Twende kwa Mwendo wa Ndama



Salamu kutoka Mkula, mkoa wa Simiyu. Kama uko huku kwetu Usukumani huhitaji kuambiwa, kiangazi kimekolea. Malambo yanakauka, nyasi zimeisha, na ikifika saa nne asubuhi jua tayari linachoma kama la mchana. Na ndicho kipindi hiki hiki ambacho sisi vijana wa kigango tumepanga kwenda hija Bagamoyo.

Utauliza, si mngesubiri mvua? Jibu ni la mkulima. Mvua zikianza kila mtu yuko shambani, na hela ya pamba haikai mfukoni mpaka Krismasi, mnajua wenyewe. Halafu Oktoba ni mwezi wa Rozari, na ndani yake kuna Dominika ya Kimisioni. Tunataka siku hiyo tusali pale ambapo Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni mwaka 1868, ya kwanza ya Kanisa Katoliki huku bara Afrika Mashariki.

Mimi ni katibu, kwa hiyo kazi ya kuandika ratiba imeniangukia. Njia tunaijua: Bariadi, Maswa, Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, Chalinze, tunakata kwenda Msata, tunaingia Bagamoyo. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kwenda tu. Mezani kuna ratiba mbili. Ya kwanza: tukodi kosta, tuondoke alfajiri, tukimbie mchana kutwa, tufike usiku. Ni nafuu, maana hatulipii malazi njiani. Ya pili: tulale Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, na kila siku tuwe barabarani kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tano, jua likipanda tumeshafika kivulini. Hiyo ni siku tano, na gharama yake inaeleweka.

Wengi walitaka ya kwanza. Lakini kati yetu yuko dada mmoja mwenye selimundu, ule ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli. Anayeufahamu anajua kwamba joto kali, kukosa maji mwilini na uchovu vinaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa na kifua, na mtu akaishia wodini. Siku nzima ndani ya kosta isiyo na kiyoyozi, katikati ya Oktoba, kwake ni hatari ya kweli. Kwenye kikao mwenzetu mmoja akasema kwa upole kabisa, "Dada, wewe baki tu, tutakuletea maji ya baraka." Naye akajibu, "Sawa, niacheni, nitawaombea." Kikao kikaendelea na ajenda ya fulana.

Ajenda ya fulana, jamani! Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza Neno la Mungu linasema nini juu ya jambo hili. Hili hapa ndilo nililopata.

Fungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 33. Yakobo anarudi nyumbani baada ya miaka mingi, anakutana na kaka yake Esau aliyekuja na watu 400. Wamekumbatiana, wamelia, wamepatana. Esau anafurahi, anasema twende wote, mimi nitatangulia. Ni mwaliko mzuri wa kindugu. Lakini soma aya ya 13 na 14 uone Yakobo anavyojibu. Anamwambia kaka yake kwamba watoto bado ni wadogo, na katika mifugo wako wanaonyonyesha. Wakiswagwa kwa nguvu hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Kwa hiyo anamwomba Esau atangulie, yeye atafuata taratibu, kwa mwendo wa mifugo na kwa mwendo wa watoto.

Sasa niambie, kuna kijana wa Kisukuma asiyeelewa maneno hayo? Tumechunga sisi. Tunajua kiangazi ng'ombe wanapelekwa majini mapema, kabla jua halijawa kali. Tunajua ndama hapigwi fimbo ili aende sawa na fahali. Mchungaji anayepanga safari ya kwenda lamboni hapimi nguvu za fahali, maana fahali atafika tu. Anampima yule aliye dhaifu kuliko wote, kisha anapanga saa ya kuondoka kufuatana na huyo. Hilo kila baba hapa kijijini analijua kwa ng'ombe wake. Swali langu kwetu ni dogo: je, ndama ana haki kwetu kuliko dada yetu?

Kuna jambo la pili, nalo ni la historia yetu wenyewe. Barabara tunayotaka kwenda nayo ina ukoo na njia ya zamani ya misafara. Mnamo Juni 1878 wamisionari 10 wa kwanza wa Mapadre Weupe, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie, waliondoka Bagamoyo kuja bara. Njiani, mwezi Agosti, mmoja wao, Padre Pascal, akafariki. Wenzake wakaendelea mpaka Tabora, na hapo wakagawanyika: wengine Tanganyika, wengine wakaja huku ziwani, wakafika Kageye, upande wa Magu. Siyo mbali na kwetu. Kutoka huko Padre Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa kwa mtumbwi, wakafika Uganda tarehe 17 Februari 1879. Kutoka Bagamoyo mpaka Uganda ni miezi minane! Sisi tunalalamika juu ya siku tano.

Lakini ngoja, nani aliyejua kuipanga safari kama ile? Walikuwa wapagazi, Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma, babu zetu. Kati ya Ugogo na Tabora kulikuwa na nyika isiyo na maji waliyoiita Mgunda Mkali. Jina lenyewe linakuambia. Palipokuwa na umbali mrefu kati ya kisima na kisima, hawakujitosa asubuhi ili wakutwe na jua la mchana katikati ya nyika. Walikuwa na mwendo wao unaitwa terekeza: wanapika na kunywa mapema, wanajaza vibuyu, wanaondoka alasiri jua likianza kupoa, wanalala njiani bila kisima, kisha wanamalizia kesho yake mapema. Hao ndio waliobeba mizigo ya Altare iliyoleta Misa mpaka ziwani. Majina yao wengi hatuyajui. Imani yetu ilifika hapa kwa miguu ya watu waliojua kuheshimu jua.

Najua hoja mtakayonijibu, maana imeshasemwa kikaoni: "Hija ni sadaka. Bila kuteseka ni utalii tu." Kuna ukweli hapo, sikatai. Ukitaka kufunga njiani, funga. Ukitaka kutembea kilomita za mwisho bila viatu, Mungu aipokee sadaka yako. Lakini sadaka ni ile ninayoitoa mwilini mwangu mimi. Nikichukua mwili wa mwenzangu nikautoa mimi, bila yeye kuchagua, hiyo siyo sadaka tena. Na dada yetu msalaba wake anao tayari tangu kuzaliwa, hahitaji sisi tumwongezee wa kwetu.

Hoja nyingine inasema, "Tukiwa na imani, Mungu atalinda, jua halitamdhuru." Wanataja Zaburi ya 121, ile ya wasafiri, inayosema jua halitakupiga mchana. Mimi naipenda zaburi hiyo, na tutaiimba kila alfajiri tukiwasha gari. Lakini kumbukeni ni nani aliyetumia zaburi vibaya kule jangwani. Katika Mathayo 4 Shetani alimweka Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe, kwa sababu imeandikwa malaika watamdaka. Yesu akakataa kumjaribu Mungu. Kumpeleka mgonjwa kwenye joto makusudi, halafu tukamdai Mungu muujiza, kunafanana sana na kujitupa kutoka kinarani.

Na tazameni Bwana wetu mwenyewe alivyosafiri. Yohane 4 inasema alipita Samaria, akachoka na safari, akaketi kisimani. Ilikuwa yapata saa sita mchana. Wanafunzi walikwenda mjini kununua chakula. Yaani Mwana wa Mungu, kwenye jua la saa sita, alikaa chini na akaomba maji. Hakuona aibu kuchoka. Na kwa kuwa alikaa, akakutana na yule mama Msamaria, na mji mzima ukapata habari njema. Angekuwa anawahi ratiba, angempita.

Sasa nisiwadanganye kwamba ratiba ya pili haina shida. Inayo. Nilipopiga hesabu ya malazi na chakula cha siku za ziada, vijana wawili walinifuata pembeni wakasema hawataweza. Mmoja anabeba matofali, mwingine anauza karanga stendi. Hapo nikasimama. Kumbe tukipunguza mwendo kwa ajili ya aliye dhaifu mwilini, tunaweza kumwacha nyuma aliye dhaifu mfukoni! Ndama wako wengi kwenye kundi hili, na kila mmoja anachechemea kwa namna yake.

Jibu nadhani liko kwenye Matendo ya Mitume 2, pale waamini wa kwanza walipokuwa na vitu vyote shirika, kila mtu akapewa kadiri ya haja yake. Basi napendekeza mfuko uwe mmoja. Mwenye pamba ya kutosha aongeze kidogo. Fulana tuachane nazo, Bikira Maria anatufahamu hata bila fulana za sare. Tuombe kulala kwenye kumbi za parokia njiani badala ya nyumba za wageni, tubebe mikeka na unga wetu, tupike wenyewe. Na Jumamosi zilizobaki twende vibarua kwa pamoja, hela iingie mfukoni pa wote. Yesu katika Luka 14 anaongelea mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama. Kuhesabu siyo uhaba wa imani, ni sehemu ya kumfuata.

Mambo mengine ni ya kawaida lakini tuyaandike. Dada yetu aende kliniki yake kabla ya safari, akaulize kama anaruhusiwa, na neno la daktari tuliheshimu, liwe ndiyo au hapana. Dawa zake zikae kwenye begi la mkononi, siyo juu ya gari. Kila mtu awe na chupa yake ya maji, na tusimame kujaza kabla hazijaisha. Kila mji tutakaolala tujue hospitali iko wapi. Mtu akisema "nimechoka," gari linasimama, na asiwepo wa kuguna.

Na daktari akisema hapana je? Basi hatasafiri, lakini hatutamwacha kama tulivyotaka kumwacha kwenye kile kikao. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu alikaa monasterini Lisieux mpaka akafariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, hakwenda misioni hata moja, na Kanisa mwaka 1927 likamtangaza msimamizi wa misioni pamoja na Fransisko Ksaveri aliyezunguka bahari. Anayebaki anaweza kuwa mhujaji kamili, kama ametumwa kubaki na anabebwa na wenzake. Tofauti ni kubwa kati ya mtu aliyetumwa na mtu aliyeachwa, na mwenye kuachwa huijua hata kama anatabasamu.

Jumapili hii baada ya Misa tutapiga kura. Sijui matokeo yatakuwaje, na wenzangu wengine nimewaona wameshanuna. Mimi kura yangu naitoa hapa wazi: ratiba ya pili, mfuko mmoja. Na kabla ya kura naomba kitu kimoja, tumuulize dada mwenyewe anataka nini. Kile kikao wote tuliongea juu yake, na yeye aliongea sentensi moja.

Wewe unayesoma, labda huna hija yoyote mwaka huu. Lakini una jumuiya, una kwaya, una familia, una kundi la marafiki, na kila kundi lina mwendo wake. Wiki hii tafuta swali moja la kujibu mbele ya Mungu: katika kundi langu, ni nani ambaye ameshaanza kusema "niacheni tu"? Ukimpata, usimpe pole. Punguza mwendo.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyechoka ukaketi kisimani, tufundishe kusafiri pamoja. Wape nguvu wenye selimundu na wote wanaoumwa. Uwapumzishe kwa amani wamisionari na wapagazi waliokufa njiani wakituletea Habari Njema. Ee Maria, uliyekwenda kwa haraka kumhudumia Elizabeti ukakaa naye miezi mitatu, utuombee tujue wakati wa kuharakisha na wakati wa kukaa. Amina.

Tafakari njema, na mtuombee.