Diklofenaki Si Kifungua Kinywa

Wajukuu zangu, nasikia siku hizi kuna vijana wanaomeza diklofenaki hata kabla ya chai. Wa bodaboda anasema kiuno hakimruhusu kukaa juu ya pikipiki kutwa bila kidonge. Mbeba mizigo anasema gunia la pili halinyanyuki. Fundi cherehani analalamikia shingo. Nawaamini wote. Maumivu ya kila siku ni mateso, na anayewaambia kwamba kijana haumwi mgongo, wake haujawahi kumuuma. Kwa hiyo sina ugomvi na maumivu yenu. Ugomvi wangu ni na hicho kidonge cha kila asubuhi, ambacho hakuna aliyekuandikia wala anayehesabu umeshameza vingapi.

Nimestaafu uuguzi, basi mnivumilie nieleze kidogo. Mwili ukiumia hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo ndizo huleta joto, uvimbe na maumivu pale palipoumia. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hutuliza kwa kuzuia kemikali hizo zisitengenezwe, na mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili wa Sweden. Diklofenaki, ile ibuprofeni mnayoiita brufeni, piroksikamu, indometasini, meloksikamu: zote ni ukoo mmoja na aspirini, na kazi yao ni hiyohiyo.

Sasa sikilizeni. Prostaglandini hazikuwekwa mwilini ili zituumize tu. Tumboni zinalinda utando wa ndani usiliwe na asidi. Kwenye figo zinasaidia mishipa ibaki wazi, damu ipite. Kidonge hakijui kuchagua goti na kuacha tumbo. Ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu filimbi yake inakukatiza usingizi: usingizi utaupata, lakini nyumba haina mtu.

Najua mtanijibu, "Bibi, mimi nakula kwanza." Vizuri, kula. Chakula kinapunguza kichefuchefu na kiungulia. Ila vidonda vya tumbo havitokani tu na kidonge kugusa utando. Dawa ikishaingia kwenye damu, damu huirudisha tumboni kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana hata sindano haikuokoi. Wako wanaoikimbilia sindano ya diklofenaki wakidhani imepita mbali na tumbo, kumbe tumbo liko palepale, na juu yake wameongeza hatari nyingine: sindano ya takoni ikichomwa na asiyejua, huweza kujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu, mguu ukabaki unaburuzwa.

Jambo linalonitisha zaidi ni ukimya. Kidonda cha tumbo kilicholetwa na dawa hizi huweza kuvuja damu bila kuuma, maana uchungu ambao ungekushtua umeunyamazisha mwenyewe. Mtu anahisi uchovu, kizunguzungu, anasema ni kazi nyingi. Kisha siku moja choo kinatoka cheusi ti, cha kunata, na harufu isiyo ya kawaida. Hiyo ni damu iliyosagwa. Ukiona hivyo usisubiri kesho, na usiongeze kidonge kingine. Mwenye historia ya vidonda na mnywaji wa pombe kali wako karibu zaidi na shimo hilo.

Figo nazo hazipigi kelele. Dereva wa bodaboda anashinda juani, hanywi maji ili asisumbuke kutafuta choo, jasho linamtoka, na tumboni kuna diklofenaki. Mwili uliokaukiwa maji unazitegemea mno prostaglandini kupeleka damu kwenye figo, na hapo ndipo tumezizuia. Siku moja mwili husamehe. Ikiwa desturi ya miaka, figo huweza kuchoka polepole, na zikishindwa kabisa, dawa yake ni kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa kadhaa kila mara. Mwenye presha aelewe pia kwamba dawa hizi huipandisha na kuzuia maji mwilini, na zikikutana na vidonge vyake vya presha, hasa vile vya kukojoza, figo hubanwa pande zote.

Nitoke kidogo nje ya mada. Kule India na Pakistan wafugaji waliwapa ng'ombe wao diklofenaki. Ng'ombe wakifa, tumbusi hula mizoga. Tumbusi wakaanza kufa kwa maelfu, na kwa miaka mingi haikujulikana kwa nini, hadi mwaka 2004 watafiti walipotangaza chanzo: mabaki ya diklofenaki kwenye nyama yalikuwa yanaua figo za ndege hao. Mwaka 2006 India ikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Binadamu si tumbusi, na figo zetu zinavumilia zaidi yao. Lakini kila nimwonapo kijana anaitafuna mfano wa karanga, nawakumbuka wale ndege.

Moyo pia. Mwaka 2004 kampuni ya Merck ya Marekani iliiondoa sokoni dawa yake Vioxx, ya ukoo huu, baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Diklofenaki nayo ina hatari hiyo, na hukua kadiri dozi na muda vinavyoongezeka.

Halafu kuna zile bahasha ndogo za kaki, vidonge vya rangi tatu, umeambiwa tu "meza hivi asubuhi na jioni." Muulize muuzaji jina la kila kimoja. Akikasirika, mwachie bahasha yake. Mara nyingi utakuta diklofenaki na brufeni pamoja, ndugu wawili ambao hawaongezi nafuu ya maana, wanaongeza madhara tu. Au kidonge chenye diklofenaki na parasetamoli ndani yake, nawe nyumbani unajiongezea Panadol, hujui kwamba umevuka gramu 4 za parasetamoli kwa siku na ini linalipa. Au kuna prednisoloni, ambayo itakufanya ujisikie kijana upya wiki ya kwanza, uso utavimba baadaye, na ukiizoea kwa muda mrefu huwezi kuiacha ghafla bila kuhatarisha maisha. Dawa za chupa za baridi yabisi zinazodaiwa kuwa za mizizi mitupu, katika nchi mbalimbali zimepimwa na kukutwa zimetiwa dawa hizihizi za kisasa. Mzizi unaoondoa maumivu ndani ya nusu saa nautilia shaka.

Msinielewe vibaya, dawa hizi si uchawi mbaya. Binti mwenye maumivu makali ya hedhi akizitumia siku mbili tatu, zinamsaidia kweli. Jongo likishika kidole gumba, zinasaidia. Na kuna kijana ambaye mgongo humkakamaa alfajiri, anachukua zaidi ya nusu saa kunyooka, akipumzika unazidi na akitembea unalegea. Huyo huenda ana ugonjwa wa uvimbe wa uti wa mgongo, na kwake dawa za ukoo huu ndiyo tiba ya kwanza, tena pengine kwa miaka. Tofauti yake na wewe wa bahasha ni kwamba yeye anapimwa presha, figo na wingi wa damu, hupewa omeprazoli ya kulinda tumbo, na kuna daktari anayejua jina la ugonjwa wake.

Tafuteni jina la ugonjwa. Mgongo unaouma miezi, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na diklofenaki itashusha homa na kupunguza maumivu huku mfupa unaliwa. Miguu ikilegea au mkojo ukikataa kutii, hiyo ni hospitali leo hii. Goti lililosagika linahitaji mapaja yenye nguvu, uzito kupungua, na dawa ya kupaka kabla ya ya kumeza, kwa kuwa ile ya kupaka inaingia kidogo sana kwenye damu. Kiuno cha kazi kinataka kunyooshwa na kutembezwa. Kulala kutwa hukizidishia.

Mjamzito wa kuanzia miezi mitano asiziguse bila daktari kumwambia. Na Dar es Salaam ikiingia dengi, kama mwaka 2014 na 2019, mwenye homa asimeze brufeni, diklofenaki wala aspirini, maana zinachochea kutoka damu. Ameze parasetamoli kwa kipimo.

Mkifika hospitali mkaulizwa mnatumia dawa gani, msijibu "hakuna." Tajeni ya dukani, ya jirani, ya chupa, na ile ya kupaka. Karatasi ya vidonge kama bado ipo mfukoni, itoeni, hata ikiwa imebaki na kidonge kimoja.