Siku Arobaini za Mariamu

Somo: Luka 2:15–24

Desemba Buhaya hujaa watu. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Kampala hushusha abiria Muleba, Kemondo na Bukoba mjini, na meli ya usiku kutoka Mwanza huleta wengine. Ni msimu wa senene na wa harusi, na kila kibanja hungoja watoto wake walio mbali. Kila mwaka, miongoni mwa wanaoshuka yumo mama aliyebeba mtoto wa wiki tatu au mwezi mmoja, anayepelekwa kwa babu na bibi kwa mara ya kwanza. Wengine wamejifungulia hapa hapa, Ndolage, Rubya, Kagondo au hospitali ya mkoa, nao hurudi nyumbani wakakuta nyumba imejaa wageni wa sikukuu.

Tunafurahi, na tuna haki ya kufurahi. Mtoto ni zawadi ya Mungu, na ukoo uliopata mtoto umepata mengi. Ila katika furaha hiyo mama yake husahaulika upesi. Macho yote yako kwa mtoto, mikono yote inamtaka mtoto, na yule aliyemzaa juzi anaonekana jikoni akimenya ndizi za watu ishirini. Somo letu linatutaka tumtazame yeye, maana Luka, aliyetusimulia habari za malaika na wachungaji, hakumsahau Mariamu.

Angalia kwanza jinsi wageni wa Bethlehemu walivyofika. Wachungaji walikwenda haraka, wakawakuta Mariamu na Yusufu, na mtoto amelala horini. Wakaeleza neno waliloambiwa juu ya mtoto huyo, na wote waliosikia wakastaajabu. Kisha mstari wa 20 unasema walirudi, wakimtukuza Mungu. Ziara yao ilikuwa na mambo matatu tu: walimwona mtoto, wakawapa wazazi neno la kuwatia nguvu, wakaenda zao kwenye kazi. Luka hasemi kwamba Mariamu aliinuka kuwaandalia kitu. Anachosema juu yake kiko katika mstari wa 19: aliyaweka maneno hayo yote moyoni, akiyatafakari.

Mstari huo hauna budi kutusumbua kidogo. Mama hawezi kutafakari anapoamshwa kila nusu saa kusalimia. Hawezi kuyaweka maneno ya Mungu moyoni huku moshi wa kuni ukimwumiza macho na mshono ukimwuma tumboni. Mariamu alipewa utulivu wa kuufikiria muujiza uliompata, na Kanisa limekula matunda ya utulivu huo hadi leo, kwa kuwa wengi wameamini kwamba habari hizi za utotoni zilitufikia kupitia yeye. Mama wa nyumbani kwetu naye amepitia jambo kubwa. Amekwenda hadi kwenye mlango wa mauti akarudi na mtu mikononi. Anastahili muda wa kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Sasa tazama kalenda. Siku ya nane mtoto alitahiriwa akaitwa Yesu. Tukihesabu kutoka Krismasi, siku hiyo inaangukia 1 Januari. Siku za utakaso zilipotimia, Yusufu na Mariamu walimpeleka Yerusalemu kumweka mbele za Bwana. Kwa mama aliyezaa mtoto wa kiume, Walawi 12 inataja siku 7 na kisha siku 33, jumla 40. Kwa mtoto wa kike zilikuwa 80. Kanisa linaadhimisha tukio hilo tarehe 2 Februari, siku ya arobaini hasa. Basi majira yetu ya sikukuu yameshonwa juu ya siku za uzazi za mwanamke mmoja. Tunaanza na kuzaliwa kwa mwanawe, tunapita siku ya jina, tunafika siku ambayo yeye mwenyewe anatoka kwenda hekaluni.

Sheria ile ilihusu unajisi na utakaso, na sisi hatuko chini yake. Damu ya Kristo imetutakasa, wanawake na wanaume. Hata hivyo matunda ya sheria hiyo yalikuwa mema: katika siku zile hakuna aliyemdai mama afike mbele za watu, wala aende hekaluni. Wazee wetu wa pwani na wa bara wanaijua arobaini. Wauguzi nao, wanapomweleza mama kuhusu kipindi cha baada ya kujifungua, humtajia wiki sita, yaani siku 42. Torati, desturi na kliniki zimekutana mahali pamoja: mwili uliozaa unahitaji majuma hayo ili urudi. Mungu aliyemwumba mwanamke alijua hivyo kabla yetu.

Kisha kuna sadaka. Mstari wa 24 unasema walitoa hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Anayesoma Walawi 12:8 anajua maana yake: sadaka ya kawaida ilikuwa mwana-kondoo wa mwaka mmoja pamoja na ndege mmoja, na ndege wawili walikuwa ruhusa ya maskini. Wazazi wa Mwana wa Mungu walitoa walichoweza. Hawakukopa kondoo ili Yerusalemu iwasifu. Vijana wengi wanaokuja nyumbani na mtoto wa kwanza wanabeba mzigo mzito zaidi ya begi: nguo mpya kwa kila mtu, nyama, vinywaji, nauli ya kwenda na kurudi, ili isisemwe kwamba wamekuja mikono mitupu. Januari inawakuta na madeni, na mtoto anahitaji kliniki. Mzazi wa kijana, mwambie mwanao mapema kwamba njiwa wawili wanatosha. Neno hilo kutoka kinywani mwako litamfungua kuliko hotuba yoyote.

Na baba wa mtoto? Sheria ya kazi ya Tanzania humpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na baba siku 3. Kwa baba wengi walioajiriwa, likizo ya Krismasi ndiyo mara ya kwanza wanapata siku nyingi mfululizo pamoja na mtoto wao. Yusufu haandikiwi neno hata moja alilosema, ila matendo yake yameandikwa. Aliondoka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akaenda Misri, kama Mathayo 2:14 inavyosimulia. Ndugu yangu, rubisi na maongezi ya wenzako wa zamani vitakuwapo mwaka ujao. Siku hizi chota maji, kamata mtoto usiku mama alale, na uwe wewe wa kuwaambia wageni kwa upole kwamba mama amepumzika.

Neno hili ni kwa walio mbali pia. Wapo watoto wa Buhaya wanaopata mtoto wa kwanza ugenini na hawatafika nyumbani Desemba hii. Mwingine yuko Dar es Salaam na daktari amemkataza safari ndefu. Mwingine yuko Japani, ambako 25 Desemba ni siku ya kazi kama nyingine na familia hukusanyika mwaka mpya. Huko huko Japani wanawake wengi hurudi kwa mama zao wakati wa kujifungua ili watunzwe. Mgeni huliona hilo akammisi mama yake mara mbili. Dada, Mariamu naye alizaa mbali na Nazareti, na Krismasi ya kwanza haikuwa na nyanya wa mtoto wala shangazi katika habari tuliyoandikiwa. Utukufu wa Bwana ulifika hapo. Usijione umemnyima mtoto wako sikukuu. Msomee Luka 2, mwimbie, mpe titi, lala.

Sisi wa Bukoba na Muleba tunajua kwamba mtoto hapimwi kwa nyumba iliyompokea. Jumamosi ya 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipasua nyumba zetu. Krismasi ya mwaka ule wapo watoto waliolala chini ya maturubai, mvua ikinyesha, wakiwa wamefunikwa kanga za mama zao. Majirani waliwapelekea maji ya moto na uji wa mama. Wengi wa watoto hao leo wanasoma shule ya msingi. Kilichowavusha kilikuwa mikono ya watu, na mikono hiyo ndiyo Mungu aliyoitumia Bethlehemu pia, pale alipokubali kuvishwa nguo za kitoto na kulazwa horini. Mwana wa Mungu alipokuja kwetu, alianza kwa kuhitaji kutunzwa. Anayemtunza mama na mtoto anaitunza siri hiyo.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyelala kifuani pa Mariamu, wabariki watoto wanaoiona Krismasi ya kwanza. Wape mama zao usingizi, maziwa na amani. Wafundishe baba kuwa kama Yusufu. Tufundishe sisi wageni kuja na neno jema na kuondoka kwa wakati. Wakumbuke mama waliotoka hospitali bila mtoto, na watoto walioachwa na mama zao. Uwe karibu nao mno. Amina.

La kutenda wiki hii: kama kwenu kuna mama aliyejifungua, mama mkwe, mwondoe mkamwana jikoni leo, umpe chumba kisicho na moshi na chandarua kizima juu ya kitanda. Mgeni, nawa mikono kabla ya kumshika mtoto, usimwonjeshe kitu chochote, kwa kuwa hadi miezi sita maziwa ya mama yanamtosha, na ziara yako iwe fupi. Kijana, leta kuni na mkungu wa ndizi bila kuagizwa. Na mama huyo asipofika kanisani tarehe 25, mtu yeyote asimsengenye: Mariamu mwenyewe alifika hekaluni siku zake zilipotimia.