Mke Akitoka Jioni Kutazama Filamu



Swali la leo si geni katika nyumba zetu za Murang'a, ingawa watu huliuliza kwa sauti ya chini. Je, mke aliyefunga ndoa kanisani anaweza kutoka jioni pamoja na rafiki zake, bila mumewe, kwenda kujifurahisha tu? Sisemi kwenda kwenye mkutano wa CWA, wala matanga, wala kumtazama mgonjwa. Safari hizo hakuna anayezihoji. Nasema kwenda kucheka.

Katika kazi yangu ya ukatekista niliwahi kuitwa nyumbani kwa watu kusuluhisha jambo la namna hii. Mama wa nyumba hiyo alikuwa amekwenda Jumamosi kwa rafiki yake, mwalimu anayekaa Kenol. Walikuwa wanawake wanne. Walipika, wakala, wakatazama filamu kwenye televisheni kubwa ya mwalimu. Alikuwa ameaga asubuhi, na chakula cha watoto alikiacha tayari. Akarudi saa tatu unusu usiku, akisindikizwa na wenzake mpaka langoni. Bwana alikuwa ameketi akimngoja, na kwa siku nne hakumsemesha ila kwa kupitia watoto: "Mwambie mama yako maji ya kuoga yamepoa."

Nilipomwuliza bwana kosa ni lipi, alinitajia mawili. La kwanza, mke wa mtu hana shughuli nje usiku. La pili, mtu mzima hawezi kukaa zaidi ya saa nzima akitazama uongo, kitoto kinachojidhani kina nguvu za kuruka na kuhamisha vitu bila kuvigusa. "Huo ni uchawi, Katekista," akasema, "na kama si uchawi ni utoto."

Nianze na hilo la pili, maana watu wengi hulisema bila kulifikiri.

Filamu yenyewe ni Supa Modo, iliyotengenezwa hapa hapa Kenya na Likarion Wainaina, ikaonyeshwa katika tamasha la Berlin Februari 2018. Inamhusu Jo, msichana wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona, ambaye anapenda mno filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Anarudishwa nyumbani kutoka hospitali. Mama yake anataka abaki ndani apumzike. Dada yake mkubwa, Mwix, anamtoa nje na kumfanya aamini kwamba naye ana nguvu hizo, na kijiji kizima kinaingia katika mchezo huo. Mwisho wake sitakusimulia, maana huenda ukaitazama.

Je, huo ni uongo? Mtakatifu Augustino alifundisha, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalirudia fundisho lake, kwamba mwongo ni yule anayesema lisilo kweli kwa nia ya kumdanganya mwenzake. Aliyekwenda kutazama hadithi hakudanganywa. Alijua ni hadithi tangu alipoketi. (Kuhusu Mwix na mdogo wake, hilo ni swali gumu zaidi, na wale wanawake wanne walilibishania njia nzima.) Nabii Nathani alipotaka kumwonyesha Daudi dhambi yake ya kuchukua mke wa mtu, hakumsomea sheria. Alimtungia hadithi ya maskini na mwanakondoo wake mmoja. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, kuna miti inayosema na kujitafutia mfalme. Na bibi zetu wa Kikuyu walipowasimulia wasichana jikoni habari za irimu, lile zimwi lililojigeuza kijana mzuri na kuficha mdomo wa pili kisogoni chini ya nywele, hakuna aliyewaita waongo. Msichana alijifunza kumtazama mchumba mbele na nyuma. Natamani somo hilo lingerudi, kwa jinsi ninavyoona uchumba wa siku hizi.

Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 zinazostahili kusifiwa. Mojawapo ni The Wizard of Oz ya 1939, ambayo ina wachawi, simba anayeongea na mtu wa bati. Kwa hiyo kuruka hewani si neno. Ziko filamu za aibu na za damu tupu ambazo Mkristo hana haja nazo, lakini hizo ni mbaya hata zikiwa hazina muujiza wowote.

Tuje kwa lile la kwanza, la mke kutoka usiku. Bwana yule alisema ni desturi. Desturi ipi? Wazee wetu hawakuketi na wake zao kila jioni. Mwanamume alikuwa thingira na wageni wake, mwanamke alikuwa nyumbani kwake na watoto na wanawake wenziwe, na hakuna aliyesema ndoa imevunjika. Kuketi wote chumba kimoja mbele ya taarifa ya habari ni jambo la juzi. Ni jambo jema, silikatai, lakini lisiitwe sheria ya Musa. Kanisa nalo halisemi kwamba wanandoa ni mahabusu wa kulindana. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake wa Amoris Laetitia wa 2016, alifundisha kwamba penye kuaminiana hakuna haja ya kumfuatafuata mwenzi kila hatua.

Tena bwana huyu, kwa kauli yake mwenyewe, huenda kituoni kila wikendi kutazama mpira wa Uingereza mpaka saa sita. Hakuna katekista aliyeitwa kwa ajili hiyo.

Lakini msomaji, usidhani alikuwa mtu mbaya. Tulipoendelea kuzungumza, chai ikiwa imepoa, alisema neno lililonigusa. Usiku ule alimsikia mkewe akicheka barabarani kabla hajafika langoni. Akasema, "Hapa ndani hacheki hivyo." Basi hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Filamu haikuwa kitu, wala saa haikuwa kitu. Aliona kwamba furaha ya mke wake inakaa Kenol, na yeye ameachiwa sufuria.

Mama naye, nilipomsikiliza peke yake, alisema alikuja na hadithi yote mdomoni. Alitaka kumwambia habari za yule mama wa Jo aliyempenda mtoto hata akataka kumfungia ndani. Akakuta uso umefungwa. Akaenda kulala nayo.

Nawaambia wanaume wenzangu: yule anayerudi akiwa na furaha hajakuibia. Ameileta. Ukimnunia anapovuka kizingiti, atajifunza kuimalizia nje kabla ya kuingia, na hapo ndipo utakapoipoteza kweli. Mwulize, "Mmeona nini?" Kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho, hata kama hadithi ni ya mtoto anayeruka.

Nanyi akina mama, msinipigie makofi mapema. Jioni ya namna hii huagwa mapema, kwa ukweli. Ukisema unakwenda jumuiya nawe unakwenda filamu, huo sasa ndio uongo wa Augustino. Pesa za karo haziguswi. Mtoto mwenye homa haachwi. Wala isiwe kila Jumamosi, maana hata mpira wa yule bwana ungepungua ningefurahi. Na ya mumeo unayoyasema huko mkiwa wanne, yaseme kana kwamba yumo chumbani.

Je, mume akiomba kwenda nanyi? Mkaribishe siku moja, mtoke wawili au na wenzenu. Ila asije kama mlinzi. Wanawake wale wengine watamtambua kabla hajavua koti.