Amana ya Jicho Lisilojua Upungufu Wake

Kama mtu anaweza kuyaamini macho yake ni swali la kale katika fikra za Kiislamu, na Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilikabili kwa mfano wa nyota ambayo jicho huiona ndogo kama dinari, ilhali hoja za hesabu huthibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Hapo jicho hukosea kuhusu kitu kilichopo mbele yake. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huzua tatizo gumu zaidi, kwa kuwa sehemu yake iliyoharibika mara nyingi haionekani kama giza, bali akili huijaza kwa rangi ya vinavyoizunguka, na mwenye jicho huendelea kujiona mzima.

Ndivyo inavyodhuru haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi na baridi yabisi, ndugu ya ile klorokwini iliyokuwa tiba ya kwanza ya malaria nchini Tanzania hadi mwaka 2001. (Dozi fupi za malaria hazikuwa na hatari hiyo, ambayo huja kwa kumeza dawa kila siku kwa miaka mingi.) Katika kipimo cha eneo la kuona, mgonjwa hukazia macho nukta moja na kubonyeza kitufe kila aonapo kimwanga hafifu, na vile asivyovijibu huweza kufichua mapema madhara ambayo hayaponi na ambayo pengine huendelea hata dawa ikiachwa. Mashine yenyewe haioni lolote: shahidi ni mgonjwa, na kinachoshuhudia ni kimya chake.

Basi kumwambia arudi akianza kuona vibaya ni kumtwika asichoweza kukijua. Mwili ukihesabiwa kuwa amana, wajibu wa kulitafuta dhara humwangukia kwanza aliyeandika dawa. Kwa mkazi wa kijiji kama Rutamba nchini Tanzania, ambako kipimo hicho humaanisha safari, wajibu huo haufutiki. Madaktari wa macho wa Marekani walishauri mwaka 2016 kwamba dozi ya siku isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito halisi, na kwamba macho yakaguliwe mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka 5, au mapema zaidi ikiwa figo ni dhaifu. Mwenye kilo 50 hapaswi kupita miligramu 250 kwa siku, ilhali vidonge viwili vya 200 humpa 400, na hesabu hiyo yahitaji mizani tu, irudiwe kila mgonjwa akondapo.