Tulimshangilia Mwindaji

Kibanda cha video tulichokulia pale Bariadi kilikuwa cha mabati, na mabenchi ya mbao, na jenereta iliyokuwa inanguruma nyuma. Bariadi yenyewe ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa baadaye, 2012. Msimu wa kuuza pamba kibanda kilijaa hadi watu wakakaa chini. Msimu wa ukata tulichungulia kwenye matundu ya misumari mpaka mwenye kibanda atumwagie maji.

Hapo ndipo nilipoiona Alien vs. Predator, filamu ya mwaka 2004. Ilikuwa na sauti ya mtafsiri juu ya sauti za waigizaji, kwa ule mtindo ambao Lufufu aliufanya ujulikane nchi nzima. Mtafsiri wetu hakumwita Predator kwa jina lake. Alimwita Rasta, kwa sababu ya zile nywele. Alien alikuwa Mdudu tu. Na sisi sote, bila kuambizana, tulikuwa upande wa Rasta. Alikuwa na mkuki, alikuwa na kanuni, na hakumgusa asiye na silaha. Akimchinja Mdudu, mabenchi yalikuwa yanapinduka.

Mwezi uliopita nimeirudia filamu ile, peke yangu, usiku, kwenye kompyuta. Sikuirudia kwa kukumbuka utoto. Niliirudia kwa sababu ya mama mmoja wa Itilima aliyenipigia simu.

Mama huyu analima kijiji kinachopakana na Pori la Akiba Maswa. Tembo waliingia shambani kwake usiku, wakala mahindi, yaliyobaki wakayalaza. Nilikwenda, nikapiga picha, nikaandika habari, na kichwa cha habari nikakiweka kama tunavyokiweka siku zote: tembo dhidi ya wananchi. Siku mbili baadaye mjukuu wake akamsomea kwenye simu. Akanipigia.

“Mwanangu, umeandika nimepigana na tembo.”

“Ndiyo namna tunavyoandika, mayu.”

“Mimi sijapigana na mtu. Nilikuwa napiga debe.”

Hakuwa na hasira. Alikuwa anasahihisha tu, kama mtu anavyosahihisha jina lake likikosewa. Lakini lile neno “dhidi” lilinikaa kooni. Nikajiuliza nimelitoa wapi, na jibu lililokuja kwanza likawa bango la kibanda cha video.

Hadithi za kukutanisha mashujaa wa simulizi mbili ni tamaa ya zamani ya msomaji. Nani kati yetu hajawahi kubishana juu ya Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa, kwamba wakikutana Dar es Salaam usiku mmoja nani atamkamata mwenzake? Kuna makutano ya undugu, kama yale ya Star Trek: Generations ya 1994, ambako Kirk, mzee wa mfululizo wa kwanza, anakutana na Picard wa mfululizo wa pili, na kabla ya kwenda kupigana wanasimama jikoni wakipika mayai. Na kuna makutano ya ugomvi. Alien na Predator ni ya ugomvi tangu mwanzo. Kampuni ya katuni ya Dark Horse iliwakutanisha kwenye kurasa zake kuanzia 1989. Mwaka uliofuata, kwenye Predator 2, fuvu la Alien likaonekana miongoni mwa nyara ndani ya chombo cha Predator. Fuvu moja, sekunde chache, na watazamaji wakaanza kudai pambano.

Sasa angalia kitu ambacho sikukiona nikiwa mtoto. Kwenye Alien ya 1979, mtu wa katikati ni Ripley. Kwenye Predator ya 1987, mtu wa katikati ni Dutch, yule askari wa Schwarzenegger. Zote mbili ni hadithi za binadamu anayekutana na kitu kikubwa kuliko yeye. Lakini ukizikutanisha, bango lina majina mawili, na binadamu si mojawapo. Ameondoka kwenye jina la hadithi, akabaki kuwa mahali pa kupigania. Wahenga walishalisema hilo: wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Kule kwetu nusu ya methali hiyo si fumbo. Tembo ni tembo, na nyasi ni mahindi ya mama huyu.

Nilichotaka kujua nilipoirudia filamu ni hiki: je, tulikuwa na haki ya kumshangilia Rasta? Yaani, mwenye nguvu akiwa na kanuni, kanuni hiyo inamfanya kuwa mwema?

Hadithi yenyewe, kwa usiyeikumbuka: tajiri mmoja, Weyland, anapeleka watu kwenye kisiwa cha barafu karibu na Antaktika kuchimbua piramidi lililozikwa. Kumbe piramidi lile ni uwanja wa jando. Kila baada ya miaka mia moja, vijana wa Kipredator wanakuja kuwinda Alien ili wahesabiwe kuwa wanaume. Alien haji duniani bila kuzaliwa ndani ya mwili wa mtu. Kwa hiyo watu wa kale waliowaabudu Predator walilazwa mawe ili wawe mazalia. Na watu wa Weyland, bila kujua, wameitwa kwa kazi hiyohiyo.

Kuna tukio nililolisahau kabisa. Weyland ni mgonjwa wa mapafu. Predator anamshika, anamkagua kwa kile kioo chake, anaona ugonjwa, anamwacha na kuondoka. Kibandani tulipiga makofi: mnaona, hamgusi mgonjwa! Safari hii nilimwangalia Weyland. Anakasirika. Anamrushia moto mgongoni, na hapo ndipo anauawa. Amekufa kwa kukataa kuonekana si kitu. Kanuni ya mwindaji haikuwa heshima kwa Weyland. Ilikuwa namna ya kuchagua nyara: huyu anafaa, huyu hafai. Huruma ya aliyekuleta machinjoni halafu akakuruka kwa sababu umekonda ni huruma ya namna gani?

Halafu kuna mama wa Alien, malkia. Sikumkumbuka hivi. Amefungwa minyororo ndani ya barafu, anaamshwa, anatagishwa mayai kwa nguvu ili wanawe wawindwe. Yule tuliyemwita Mdudu, tuliyemzomea, ni mfungwa. Si kwamba angekuwa rafiki yetu akifunguliwa. Anapojifungua minyororo anaua kama kawaida yake. Lakini hakuja kwa hiari. Hapo ndipo bango linaposema uongo. Lile neno la katikati linatuambia kuna pande mbili zilizo sawa, zimekutana uwanjani zipimane. Kumbe upande mmoja ndio uliojenga uwanja, ukaleta mpinzani kwa mnyororo, na ukaleta watu kwa hila.

Anayebaki hai ni Alexa Woods, kiongozi wa msafara. Anaungana na Predator mmoja, wanapigana bega kwa bega, Predator anamtia alama shavuni, na mwishoni wazee wa Kipredator wanampa mkuki. Tulilia kwa furaha. Msichana mweusi, kapewa mkuki! Na mimi bado simlaumu kwa kuungana naye, kwani angefanya nini? Lakini chombo kinaondoka na yeye anabaki kwenye theluji, wenzake wote wamekufa, ana mkuki mkononi. Nilisimamisha picha hapo. Nikakumbuka kwamba kwetu malipo ya mazao yaliyoliwa na wanyamapori yanaitwa kifuta jasho, na ya mtu aliyeuawa yanaitwa kifuta machozi. Aliyeyatunga majina hayo alikuwa mkweli kuliko waandishi wengi. Hakusema fidia. Alisema kitambaa.

Filamu ya pili, ya 2007, ni mbaya kwa namna nyingi, giza tupu, lakini ina swali zito kuliko la kwanza. Alien wamefika mji mdogo wa Gunnison, Colorado. Jeshi linawatangazia watu wakusanyike katikati ya mji waje kuokolewa. Hakuna uokoaji. Wanakusanywa ili Alien wawafuate, kisha linaangushwa bomu la nyuklia. Wanaopona ni wachache waliotilia shaka tangazo. Mtu wa hesabu atasema mji mmoja umetolewa ili nchi ipone. Labda. Lakini waliokufa hawakuulizwa, na waliambiwa uongo ili miguu yao yenyewe iwapeleke. Kuna tofauti kati ya kushindwa kumwokoa mtu na kumtumia kama chambo.

Na mwaka 2025 ikatoka Predator: Badlands. Shujaa sasa ni Predator mwenyewe, na wale wenye sura za watu ni mashine za kampuni ya Weyland-Yutani. Binadamu hayumo hata mmoja. Ni filamu nzuri, nimeipenda. Ila nyasi zimekwisha kabisa uwanjani.

Sasa nirudi nyumbani, na nijihadhari, maana mfano ukivutwa sana hukatika. Tembo si Alien. Wala uwindaji wa kitalii unaofanyika katika mapori ya mkoa wetu si jando la Kipredator: una leseni, una ada, una wanyama wasioruhusiwa, na fedha zake zinasaidia kulinda pori. Wilayani Meatu kuna Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Makao, ambayo vijiji vyake vilitenga ardhi ili navyo vipate chochote kwenye mapato hayo. Anayetaka kunifanya niseme funga kila kitu, hatanipata.

Ninachosema ni kuhusu bango. Nilipoandika “tembo dhidi ya wananchi,” niliwaweka uwanjani wawili ambao hakuna kati yao aliyeujenga. Tembo hakuchora mpaka wa pori. Mama wa Itilima naye hakuuchora. Aliyechora, anayeuza vibali, anayelala hotelini akitazama tembo, na mimi ninayesoma habari na kushangilia, wote hatumo kwenye kichwa cha habari. Mwindaji mwenye kanuni hana haja ya kudanganya. Bango likiandikwa vizuri, linamsaidia kutoonekana.

Na si kwamba Wasukuma hatujui “dhidi” nyingine. Tumekua na Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yaliyoshindana tangu enzi za Ngika na Gumha. Baada ya mavuno wanakutana uwanja mmoja, kila kundi na manju wake, kila kundi na dawa zake. Mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Mtazamaji anatembea kwa miguu yake kutoka huku kwenda kule, na miguu yake ndiyo hukumu. Pale uwanjani nyasi ndiyo inayoamua fahali yupi kashinda. Ndiyo maana nadhani ugomvi wa wakubwa hauwi mbaya kwa sababu ni ugomvi. Unakuwa mbaya pale aliye katikati anapokuwa hana pa kutembea.

Nilimpigia yule mama nikamwambia nitabadilisha kile kichwa cha habari. Akaniuliza nitaandika nini. Nikasema nitaandika kwamba mkulima wa Itilima amepoteza mahindi ya mwaka, na amelala shambani usiku wa nne akipiga debe, na kwamba nimeuliza nani anawajibika.

“Na wamekujibu?”

“Bado, mayu.”

“Basi andika na hiyo bado.”

Nimeiandika.