Faradhi ya Mtaro

Mtaro wa mtaa ukiziba, maji machafu yakaingia majumbani mwa watu, dhambi ni ya nani? Kijana mmoja mwendesha bodaboda aliniuliza hivyo baada ya swala ya alasiri, hapa Likoni, Mombasa, suruali yake ikiwa imelowa hadi magotini. Swali lake naona linastahili jibu la kifiqhi. Majibu ya kisiasa tunayo tele, na kila msimu wa uchaguzi huongezeka.

Mimi ni muosha maiti. Sitozi, wala sijawahi kumsikia mwenzangu yeyote akitoza. Mtu akifariki mtaani kwetu, tangazo hutoka kwenye kipaza sauti cha msikiti, na saa haijapita jeneza limeshatolewa, mmoja ameshakwenda kununua sanda na karafuu maiti, vijana wamechukua majembe na sururu wameelekea makaburini, nami nimekunja mikono ya kanzu. Chini ya kitanda cha kuoshea huchimbwa shimo la kupokea maji ya josho yasije yakatapakaa na kukanyagwa. Ni nani aliyelichimba? Mara nyingi sijui. Nikifika nalikuta tayari, limechimbwa vizuri, na maji yanakwenda yanakotakiwa kwenda. Watu hawa hawa waliompa maiti njia safi ya maji wataondoka pale, waruke dimbwi jeusi lililo mlangoni mwa msikiti, waende zao.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanazigawa faradhi mafungu mawili. Ipo faradhi ya aini, kama swala tano na funga ya Ramadhani, ambayo kila mtu ataulizwa yake. Na ipo faradhi ya kifaya, inayoukabili umma kwa jumla: kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia, kumzika. Wakisimama baadhi wakaitimiza, wengine wameondokewa. Ikiachwa, wanashiriki dhambi wote walioijua na kuiweza. Imamu al-Juwayni, aliyefariki mwaka 1085, aliona kwamba anayesimamisha faradhi ya kifaya ana ubora wake wa pekee, kwa kuwa mwenye kuswali anajivua lawama yeye mwenyewe, na huyu anawavua lawama watu wote. Mwanafunzi wake, al-Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya aliuingiza humo utabibu, kilimo, ufumaji na ushonaji, kisha akasikitika kwamba ipo miji isiyo na tabibu Mwislamu ilhali watu wanasongamana kusomea fiqhi. Zote mbili ni kifaya, alisema. Mbona mmeisongea moja mkaiacha nyingine?

Sioni sababu ya kuutoa mtaro katika orodha hiyo. Huku ng'ambo ya kivuko, na Kisauni, na Changamwe, nyumba nyingi zinatumia vyoo vya shimo na visima. Mvua kubwa ikishuka na maji yakakosa pa kupita, ya chooni hukutana na ya kisimani, na baada ya hapo tunasikia watoto wanaharisha. Yanayotuama yanazaa mbu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituhesabia kuondoa udhia njiani kuwa ni tawi la imani, na tumezoea kufikiria udhia huo kuwa ni mwiba au jiwe ambalo mtu analiinua kwa mkono mmoja. Lakini udhia wa mji hauinuliwi kwa mkono mmoja. Uko chini ya lami, una kipimo na mwinamo, na unahitaji fedha.

Hapa ndipo wengi wanaponijibu: "Maalim, hiyo ni kazi ya kaunti." Ni kweli. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yenye majengo, huduma za maji na usafi, uzoaji wa taka, na hata makaburi. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 baraza la manispaa la zamani liliondoka, na kazi hizo zikawa mikononi mwa kaunti yenye wadi thelathini, kuanzia Mwakirunge hadi Shika Adabu. Kwa hiyo, husema watu, baadhi wameshasimama, na sisi wengine tumeondokewa.

Hoja hii nimeifikiria sana, na naiona imepinda mahali pamoja. Faradhi ya kifaya haiondoki kwa kumteua mtendaji. Inaondoka kwa tendo kutendeka. Tuseme tumemteua mtu aoshe maiti, tumempa ujira wake, tumemwandikia barua, kisha asitokee. Jua linakuchwa, na maiti yuko kitandani. Je, tunaweza kwenda kulala tukisema kwamba sisi tulishalipa? Hakuna mtu wa pwani hii atakayethubutu kusema hivyo. Tutamlaani yule aliyechukua ujira, na huku tukimlaani tutakuwa tunateka maji. Lawama yake haiondoi wajibu wetu, wala wajibu wetu haupunguzi lawama yake. Mambo mawili haya yanasimama pamoja, na kosa letu ni kudhani kwamba likija moja la pili huondoka.

Aliyepokea amana, hukumu yake inabadilika. Wanazuoni wanasema kifaya humgeukia aini mtu akiainishwa kwayo. Mhandisi aliyepewa ramani, mwanakandarasi aliyetia sahihi, karani anayepitisha malipo, mwakilishi wa wadi aliyeapa: kwao mtaro ule ni kama swala ya alfajiri, hakuna wa kuwaswalia. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar, naye yuko Madina, alihofia kuulizwa na Mwenyezi Mungu juu ya mnyama atakayejikwaa Iraq kwa kuwa hakusawazishiwa njia. Kisa hiki kinapendwa sana kwenye mimbari, na kila mara nakisikia kikielekezwa kwa watawala. Nami nakielekeza huko huko. Ila kina funzo jingine ambalo naona tunalipita: katika hesabu ya Siku ya Kiyama, Umar aliona kuna kipengele cha barabara. Hakikuwa kwake jambo dogo la kidunia la kuachiwa wasaidizi.

Kwani tusichimbe wenyewe tukamaliza? Vijana wa mtaa mmoja wa juu, wenye nia njema kabisa, waliwahi kuchimba mfereji siku ya Jumapili wakayatoa maji kwao. Kwa mvua ya usiku ule maji yakashuka yote kwa wenzao wa chini, yakaingia chumba cha mama mwenye mtoto mchanga. Sheria yetu haimruhusu mtu kujiondolea madhara kwa kumtupia mwenziwe. Kila mtaa ukijichimbia wake, tutakuwa tunasukumiana maji hadi yamfikie asiye na nguvu ya kuyasukuma. Lazima awepo anayeitazama ardhi nzima, kutoka barabara kuu hadi ufukweni, aseme mwinamo uwe huu na kalvati lipite hapa. Ndiyo maana siichukulii serikali ya kaunti kuwa mfadhili wetu, wala sitaki vijana waambiwe waachane nayo wajitegemee. Ni chombo cha kutimizia faradhi iliyo kubwa kuliko mtaa. Kodi tunayolipa ni sehemu ya tendo lenyewe, kama mtu anayetoa sanda asiyoweza kuishona.

Chombo hicho kina nyakati zake, na nyakati hizo ndizo zilizonifungua macho. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa kila mwaka unatakiwa ufike kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti yanafika kufikia tarehe 30 Aprili, yanapitishwa kufikia tarehe 30 Juni, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Sasa zitazame mvua zetu. Masika huanza Machi au Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kupita yote Mombasa. Tunapopiga kelele, maji yakiwa sebuleni, fedha za mwaka ule zimekaribia kufungwa, na za mwaka ujao zimeshapangiwa miradi ambayo mtaro wetu haumo. Anayetaka mtaro wa masika inabidi aseme wakati wa kipupwe, mwezi wa Agosti, vumbi likiwa limejaa ndani ya mtaro huo huo na hakuna anayeukumbuka.

Na kusema si hisani ya mtu. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake wazi na kuwashirikisha wananchi. Nilihudhuria kikao kimoja cha maoni. Viti vingi vilikuwa vitupu. Yalizungumzwa mambo ya kabro kwenye vichochoro, taa za barabarani, dawa za zahanati. Safu ya mbele ya msikiti wetu, wanaume ninaowapanga bega kwa bega kila siku, sikumwona hata mmoja. Aliyenifaidisha ni mama anayeuza viazi karai kando ya barabara. Alisimama akaeleza maji yanaanzia wapi, yanapita nyuma ya shule, yanafika kwenye mwembe, na hapo kuna ukuta mtu amejenga juu ya mtaro, ndipo yanaporudi nyuma. Alitaja hata ni upande gani taka za plastiki hukusanyika kwanza. Mhandisi aliyekuwepo aliinama akaandika.

Fiqhi inasema kifaya huwakabili kwanza walio karibu na wenye kujua. Maiti akiwa nyumba ya tatu, mtu wa Jomvu hana lawama, bali jirani; na jirani anayedai hakujua huulizwa kwa nini hakujua. Yule mama alikuwa anajua, naye alikwenda akasema. Naamini alitoka kwenye ukumbi ule amejivua, mtaro ujengwe usijengwe. Aliyejenga ukuta hana udhuru wowote mbele ya Mungu, hata akiwa na hati ya kiwanja. Wala mimi na wewe tunaotupa mfuko wa taka usiku, mvua inaponyesha, tukitumai maji yataubeba, hatuna udhuru.

Watu wetu ni wakarimu, hilo silikanushi. Mtu akifiwa na mzazi wake huchimba kisima au hujenga madrasa, akataraji thawabu zimfuate marehemu kaburini. Sadaka jariya ya mtaro sijaisikia. Haukuwa hivi utamaduni wetu. Ukienda kwenye magofu ya Gede, ndani ya msikiti mkuu utaonyeshwa kisima, birika na mfereji wa kupitishia maji. Waliojenga walijua kwamba maji yakiingia lazima yatoke, na kwamba kuyatoa ni sehemu ya tohara. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu, alipotoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932 alizungumzia elimu, mali na hali ya maisha ya Waislamu wa pwani. Hakuyahesabu hayo kuwa nje ya dini. Ningependa kuona wenye uwezo miongoni mwetu wakimsomesha kijana uhandisi wa maji kwa nia ile ile wanayomsomeshea hafidhi, na wakiitaja nia hiyo kwa sauti.

Wapo wanaoniambia mvua ni ya Mungu na mafuriko ni kadari, nisubiri. Mvua ni ya Mungu, na ni rehema. Lakini tangu nianze kazi hii sijamsikia mtu akisema maiti tumwache, Mungu atamwosha.

Halafu kuna majirani zetu wa kanisani. Wako wengi Likoni, na Changamwe ni wengi zaidi, na maji yakipanda yanaingia kwao na kwetu kwa kina kile kile. Haki ya jirani kwetu haina sharti la dini. Sioni vipi nitajiona nimetimiza kifaya iwapo mtaro umeishia kwenye kona ya msikiti.

Kwa hiyo nimeiomba kamati ya msikiti kwamba kikao cha Agosti cha mpango wa maendeleo kitangazwe kwa kipaza sauti, tarehe na mahali, mara baada ya swala. Wazee wawili wamekataa. Wanasema tukifungua mlango huo, wanasiasa wataingia nyuma yetu, na hofu yao ni ya haki, kwani tumeyaona. Nimewapendekezea tangazo liandikwe maneno manne tu, lisitaje jina la mtu wala chama, na lisomwe na muadhini. Mmoja ameanza kulainika, ila ameweka sharti: kanisa la pale juu nalo lisome tangazo hilo hilo, Jumapili ya wiki hiyo hiyo, isije ikaonekana ni jambo la upande mmoja. Sharti hilo nimelipenda. Mchungaji wao nimeahidiana naye Alhamisi baada ya adhuhuri, na yule mama wa viazi karai amekubali kufuatana nami, maana ndiye anayeijua njia ya maji.